Saba Bado Iko Njiani

Siku ilianza kama siku nyingine yoyote pale kituo cha magari ya wagonjwa. Shangazi wa Simu aliingia akililalamikia goti lake, akatundika mkoba kwenye kitasa cha dirisha, akavaa vile vitu vya masikioni na kuanza kuwatuliza watu waliokuwa wakilia upande wa pili wa simu. Fundi alikuwa meza ya jirani, katikati ya nyaya na vikombe, chai yake ikipoa. Uani madereva walikuwa wanaosha magari na kutaniana. Nani angejua kwamba siku hiyo Fundi angefanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na kwamba angeijutia mpaka leo?

Kazi yake ilikuwa ramani. Kila gari la kituo lilikuwa na kisanduku kidogo nyuma ya dashibodi, kinachotuma kila mara mahali gari lilipo. Taarifa hizo ziliingia kwenye seva ya Fundi, yaani kompyuta yake kuu, na seva ikawajibu wote waliouliza: hospitali, zimamoto, polisi wa barabarani. Kila mmoja alikuwa na programu yake ya ramani, ila wote waliuliza kwa utaratibu mmoja unaotumika dunia nzima, ndiyo maana seva haikuwa na haja ya kumjua anayeuliza wala kumhoji nia yake. Ukiuliza kwa utaratibu, unajibiwa.

"Seva yangu haina dharau," Fundi alipenda kujitapa. "Mkubwa, mdogo, inamhudumia kila mtu."

Wenyewe madereva walikuwa na utaratibu wao, wa kalamu na plasta. Wakimpakia mgonjwa, wanambandika kipande cha plasta mgongoni mwa mkono na kuandika saa waliyomchukua. Wanaweka kistari. Wakimkabidhi hospitali, wanaandika saa ya pili mbele ya kile kistari, na safari ya mgonjwa yule inakuwa imefungwa. Mtindo huo ulianzishwa na dereva mmoja aliyeitwa Sukani, mwenye mwandiko wa tarakimu zinazoegemea nyuma kama watu wanaotaka kuanguka chali.

Asubuhi ile aliyepiga simu alikuwa nesi wa mapokezi wa hospitali kubwa, mwanamke asiyemwogopa mtu. "Fundi, hizi doti za magari yenu kwenye ramani zinaruka kama viroboto! Nikitoa kitanda mlangoni, gari liko mbali. Nikikirudisha ndani, limeshafika. Mnataka nifanye kazi na miujiza?"

Alikuwa na haki ya kulalamika. Magari yakipita chini ya madaraja au katikati ya maghorofa, mawimbi hukatika; doti inaganda kwenye ramani, halafu inaibuka mtaa mwingine kabisa. Basi Fundi akaketi akaandika kanuni mpya. Gari likipotea mawimbi, seva itazame safari zake zote za nyuma, njia ambazo dereva wake huzipenda, mwendo wake na kona zake, kisha iendelee kulisogeza mpaka lionekane tena. Aliijaribu. Doti zikawa zinateleza barabarani kwa utulivu. Shangazi alipiga makofi, na hata mkuu wa kituo, ambaye kucheka kwake ni kwa msimu, alicheka.

Kulikuwa na jambo moja Fundi hakuliangalia. Au tuseme ukweli: aliliona, akalikwepa.

Kwenye seva kila gari lina mwanzo na mwisho. Siku linapoingia kazini unaandika mwanzo. Siku linapotoka unaandika mwisho. Ukiiacha nafasi ya mwisho tupu, seva inaelewa kwamba gari bado liko safarini. Na lilikuwepo gari moja bovu, lililokwisha kuuzwa vyuma chakavu, ambalo nafasi yake ya mwisho ilikuwa tupu. Gari namba saba, ambalo wote waliliita Saba tu.

Dereva wa Saba alikuwa huyo huyo Sukani, na Sukani alikuwa kaka yake Fundi, wa tumbo moja. Msimu wa mvua uliopita alikuwa anarudi kituoni baada ya kumshusha mgonjwa, mto ukafurika, ukabeba daraja na Saba ikiwa juu yake. Gari lilivutwa kutoka mtoni baada ya maji kupungua, likiwa limejaa matope, kioo cha upande wa dereva kimeshushwa. Sukani hakuwemo. Walimtafuta mpaka wakachoka, mwili wake haukuonekana.

"Ifunge Saba," mkuu wa kituo alimwambia Fundi. Fundi akaitikia sawa bosi, akaifungua ile nafasi, na vidole vikagoma. Nyumbani mama yao alikuwa amekataa katakata kulia msiba. Kila wiki aliipiga pasi sare ya mwanawe na kuitundika nyuma ya mlango. Lango la ua halikuwekwa komeo tena, usiku wala mchana, asije akafika akakuta pamefungwa. Fundi angeandikaje kwa mkono wake kwamba kaka yake amefika mwisho?

Akafanya ujanja. Akaificha Saba kwenye skrini ya ofisi ili bosi asiione, na ile nafasi akaiacha kama ilivyo. Kwa watu wa ofisini Saba haikuwepo. Kwa seva, Saba ilikuwa njiani, imepotea mawimbi tu.

Na sasa seva ilikuwa imefundishwa namna ya kuwasogeza waliopotea.

*

Kesho yake nesi wa mapokezi alipiga tena, safari hii kwa furaha. "Hapo sasa umefanya kazi! Naiona Saba yenu inakuja vizuri kabisa."

Chai ilimpalia Fundi. "Umesema ipi?"

"Saba. Imepita mzunguko, inakata kushoto nyuma ya maghala. Kitanda tayari kiko mlangoni."

Nyuma ya maghala palikuwa na kinjia cha mkato ambacho madereva wengine walikiogopa kwa sababu ya mashimo. Sukani peke yake ndiye aliyekipita. Fundi akafungua ramani kwa njia ile ile aliyoitumia nesi, si kwa skrini ya ofisi, akaiona doti. Ilikuwa inateleza taratibu kuelekea hospitali.

Ni hesabu tu, akajipa moyo. Ni ile kanuni yangu, inakumbuka njia zake. Machozi yalimlengalenga, na hakuyafuta, maana ndani ya hofu ile kulikuwa na kitu kama furaha. Kaka alikuwa anaendesha.

"Imefika," nesi alisema. Halafu akaenda kuchungulia nje. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Fundi. Doti iko mlangoni, ila gari silioni."

"Ni hitilafu, dada. Niachie nirekebishe."

"Hunisikii. Hii milango ya kioo, inayofunguka yenyewe mtu akisogea. Imefunguka."

Fundi alishika simu kwa mikono miwili.

"Hakuna mtu," nesi alinong'ona. "Na sakafu imelowa."

Siku hiyo Fundi aliifungua tena nafasi ya mwisho ya Saba. Akaandika tarehe ya daraja. Akaifuta. Akaiandika tena, akasikia kichwani sauti ya mama yake ikimwambia mtu asimtilie uchuro mwanawe, akaifuta. Kesho, alisema. Tutaona kesho.

Kabla hajaamua lolote, ilikuja simu ya binti wa mzee mmoja mshona viatu. Baba yake alikuwa hapumui vizuri. Shangazi wa Simu alimtuliza, akaingiza anwani, na programu ya kupanga magari ikafanya kama ilivyozoea: ikaiuliza seva ni gari gani liko karibu zaidi. Jibu likaja pale pale kwenye skrini. Gari limepatikana.

"Lipi?" Shangazi alishangaa. Aliinuka na goti lake, akachungulia uani. Magari yote yaliyokuwa zamu yalikuwa yameegeshwa, madereva wanakunywa chai. "Nyie! Nani kachukua safari ya mshona viatu?"

Hakuna aliyeichukua. Wakamtuma dereva wa Tatu, yaani gari namba tatu, mtu mnene mwenye masihara, aliyekuwa rafiki mkubwa wa Sukani. Baada ya muda sauti yake ilikuja redioni, na masihara yote yalikuwa yamemtoka.

"Shangazi, wanasema mgonjwa ameshachukuliwa."

"Na nani?"

"Na sisi. Gari letu jeupe, lina tope mpaka madirishani. Binti anasema dereva hakushuka. Alitoa mkono dirishani, akambandika mzee plasta, akaandika. Mlango wa nyuma ukafunguka. Mzee alipanda mwenyewe, Shangazi. Yule mzee hajasimama bila kushikwa huu mwaka wa pili."

Fundi hakungoja kusikia zaidi. Alifungua ramani. Saba ilikuwa inaondoka mjini, haina haraka, kona zote zimepindwa vizuri. Ilishika barabara ya mtoni. Ilifika mahali palipokuwa na daraja. Haikusimama. Ilikwenda mbele juu ya maji, na katikati ya mto doti ikazimika.

Hakuna hospitali iliyompokea mshona viatu. Polisi waliandika walichoandika, binti yake akawa anakuja kituoni kila siku kukaa kwenye benchi la uani, na Fundi akawa anapitia mlango wa nyuma ili asikutane na macho yake.

*

Mama alikuwa anapiga pasi Fundi alipomwambia. Alimweleza yote, taratibu, bila kuficha. Mama hakuinua uso.

"Inabidi nimfunge, Mama."

"Utamfunga kaka yako kama duka?"

"Mama, kuna mtu amepotea. Baba wa watu."

"Na wangu hakupotea?" Aligeuza mkono wa shati, akaunyoosha kwa kiganja. "Kama anaendesha gari, basi yuko. Anayekwenda huwezi kumwambia amefika. Ukiandika hivyo, mwanangu, usiniite mama tena."

Hapo Fundi akawa amebanwa huku na huku. Akatafuta njia ya katikati, kama tunavyofanya sote tukiogopa kuchagua. Mwisho wa Saba hakuuandika. Ila aliizima ile kanuni yake mpya na kuifuta kabisa. Doti zikarudi kuruka kama viroboto, nesi akarudi kugomba, na Fundi alifurahia kugombezwa. Alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze.

Jua lilikuwa limewaka sana siku Shangazi alipomgeukia akiwa ameziba kipaza sauti kwa kiganja. Ilikuwa saa ya chakula, nusu ya ofisi imetoka. "Fundi. Hii anwani si nyumbani kwenu?"

Mama. Kifua kinambana, mkono wa kushoto umekufa ganzi. Alipiga namba ya dharura kama mtu mwingine yeyote. Hakutaka kumsumbua mwanawe kazini.

"Tuma gari!" Fundi alisema.

"Nataka kutuma." Shangazi alikuwa anatazama skrini. "Inasema limeshapatikana."

Fundi aliifungua ramani. Saba ilikuwa imeshavuka mto. Kanuni ilikuwa imefutwa, hakuna hesabu yoyote iliyobaki ya kuisogeza, lakini ilikuwa inakuja. Haikuruka hata mara moja. Ilipita njia ambayo Sukani aliipita kila siku akirudi nyumbani kula.

Dereva wa Tatu alikuwa tayari ameshuka ngazi mbio. Lakini alikuwa mbali. Saba ilikuwa karibu.

Fundi akampigia mama yake.

"Mwanangu." Sauti ya mama ilikuwa nyembamba, inakatika. "Niko ukumbini."

"Mama, kaa hapo hapo. Tatu inakuja. Usitoke nje."

"Nasikia honi."

"Mama."

"Mbili fupi. Honi yake."

Nyuma ya sauti ya mama, kwa mbali, Fundi aliisikia. Mbili fupi. Sukani alizipiga kila alipokata kona ya nyumbani, ili apakuliwe chakula kisipoe.

"Mama, funga lango. Nakuomba."

"Komeo lilishashika kutu." Kulikuwa na mburuzo wa ndara sakafuni. Hatua moja, pumzi ndefu, hatua nyingine. "Gari lake limechafuka, maskini. Yeye alivyopenda kuliosha."

Fundi aliibana simu kwa bega. Kwa mikono yake miwili akafungua kumbukumbu za Saba. Mwanzo, umejazwa. Mwisho, tupu.

"Ameshusha kioo," mama alinong'ona.

"Usimpe mkono! Mama, tafadhali, usimpe mkono wako!"

"Wa baridi," mama alisema, kwa upole, kama anayemgusa mtoto mwenye homa. "Mkono wake wa baridi sana."

Fundi akaandika tarehe ya daraja. Vidole vilikosea. Akafuta. Akaandika tena. Programu ikauliza kama inavyomwuliza kila mtu: Safari hii imekwisha?

Alimpenda kaka yake. Alimpenda kuliko alivyowahi kumwambia. "Nisamehe, kaka," alisema kwa sauti, na akabonyeza ndiyo.

Doti ikatoweka mbele ya lango la kwao.

Kwenye simu kulisikika maji. Maji mengi, yanaporomoka kwa mpigo mmoja, kama pipa limepinduliwa. Halafu kimya.

*

Walimkuta mama ndani ya lango, ameketi chini, mgongo umeegemea ukuta, nguo zimelowa mpaka magotini. Jua lilikuwa linaunguza na ua mzima ulikuwa mkavu, isipokuwa pale alipokaa. Alikuwa anapumua. Dereva wa Tatu alimbeba peke yake mpaka garini, akilia waziwazi bila kuona haya. Hospitalini walisema kidogo tu wangechelewa. Moyo ulikuwa umegoma, wakaubembeleza, ukarudi kazini.

Mama hakumfukuza Fundi kando ya kitanda. Hakumwita mwanangu pia. Alilala akitazama dari.

Nesi wa mapokezi ndiye aliyekuja kumsafisha, kwa heshima ya Fundi. Alimfuta uso, akamfuta matope miguuni, akashika mkono wake wa kulia. "Dereva wenu kasahau kumalizia," alisema. "Kaandika saa ya kumchukua, ya kumfikisha hakuandika."

Dereva wa Tatu alikuwa amesimama mlangoni. "Mimi sijambandika kitu," alisema. "Nilisahau kabisa plasta."

Fundi akasogea. Kipande cha plasta kilikuwa kimeshikana na ngozi ya mama, kimekunjamana kama kitu kilichokaa majini siku nyingi. Kulikuwa na saa moja imeandikwa kwa kalamu. Tarakimu zake ziliegemea nyuma. Baada ya saa hiyo kulikuwa na kistari, na baada ya kistari hakukuwa na kitu.

Nesi aliibandua kwa spiriti, akaitupa, akaifunga taka mwenyewe akaitoa nje. Fundi alishuhudia kwa macho yake. Asubuhi walipokunjua shuka, ilikuwepo tena pale pale.

Hapo ndipo mama alipozungumza. "Msiitoe. Itarudi tu." Akaupapasa ule mkono kwa mkono wake mwingine. "Kaiacha wazi. Kama wewe ulivyomwachia yeye."

Mama yuko nyumbani sasa. Anakula vizuri, anapiga pasi, na jioni anatoa kiti chake na kukaa akilitazama lango. Binti wa mshona viatu bado anakuja kukaa kwenye benchi la uani, na Fundi siku hizi huketi naye. Saba haijaonekana tena kwenye ramani yoyote. Seva inasema safari yake iliishia darajani.

Ila nesi wa mapokezi alipiga simu, siku chache baada ya mama kutoka hospitali. Hakugomba. Aliuliza tu, polepole, kama kituo kimenunua gari jipya, maana kwenye ramani yake kuna doti isiyo na namba. Haiendi popote. Imesimama mtaani kwa kina Fundi.

Fundi aliitafuta kwenye seva, akaikuta. Hakuiweka yeye, na hakuna mwingine mwenye ufunguo wa kuiweka. Mwanzo wake umejazwa: ni saa ile ile iliyoandikwa kwenye plasta ya mama. Mwisho ni tupu.

Kila asubuhi, kabla ya chai, Fundi huifungua. Anajua ikiachwa wazi kunaweza kuja gari. Anajua pia ni nani atakayekuwa amefika mwisho akiijaza. Hukaa hapo vidole vikiwa juu ya vitufe, mpaka Shangazi aingie akililalamikia goti lake, ndipo anapoufunga ukurasa bila kugusa kitu.